Mapu Ina Wenyewe

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mimi na mshkaji wangu tulikuwa tumeinama kwenye kibaraza cha bibi mmoja njia ya kwenda Kaisho. Yeye kashika futikamba, mimi nimeshika simu, tunapima mlango wa watu. Mlango wa mbao, bluu iliyobabuka, upana sentimita 82, kofuli la zamani linaning'inia kama hereni. Hodi hatukupiga. Bibi akatokea nyuma ya nyumba na fagio, akatukagua kuanzia ndala mpaka kofia, halafu akatupa swali moja.

"X mnaweka lini?"

Oya, kama hujakulia kando ya barabara huwezi kuusikia uzito wa swali hilo. X nyekundu ukutani maana yake nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, anza kufungasha. Na huku kwetu stori za lami tunazisikia tangu tunavaa kaptula za shule, kwa hiyo kijana yeyote mwenye futikamba ni mleta habari mbaya. Au nzuri, inategemea, maana swali lake la pili lilikuwa la fidia.

"Shikamoo bibi," mshkaji ndio anakumbuka.

"Marahaba. Nimeuliza X."

"Bibi, sisi siyo watu wa barabara. Sisi ni watu wa gemu."

"Gemu ndiyo kampuni ya Wachina?"

Tukasanda. Tukaomba radhi, tukajikata bila picha hata moja. Jioni ile ile, kwenye boksi la biskuti lililobandikwa ukutani geto kwetu Omurushaka, ikaongezwa kanuni nyingine kwa makapeni: SALAMU KWANZA, FUTIKAMBA BAADAYE.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Sisi ni wana kama kumi na mbili hivi, Karagwe na Kyerwa mchanganyiko. Wapo wa boda, yupo fundi simu, yupo mwalimu wa kujitolea, wapo madogo waliomaliza fomu foo wanasubiri maisha yawaite. Mchana kila mtu anasaka mkwanja wake. Usiku tunakuwa masuka. Tulianzia kwenye simu, na Bus Simulator Indonesia, lile gemu la Maleo la 2017 ambalo ukijua kuchora unalivalisha basi rangi za kibongo mpaka mwenye kampuni mwenyewe angelisimamisha. Halafu mwenzetu mmoja akapata laptopu ya maana, tukahamia Euro Truck Simulator 2. Hilo ni la jamaa wa SCS Software, Prague, limetoka 2012. Malori ya Ulaya hayatuhusu kivile. Kilichotupagawisha ni kwamba ndani ya gemu wameacha kile kile chombo walichochorea mapu wenyewe. Ukikijulia, unachora dunia yako: kona zako, matuta yako, migomba yako, stendi yako yenye tope lako.

Mwenye laptopu tunamwita Fundi, basi, jina la kazi. Fundi ndiye anayechora Karagwe na Kyerwa usiku kwa usiku, TANESCO wakiruhusu. Sisi wengine ni miguu yake: tunapima, tunapiga picha kuta, tunarekodi sauti za stendi, tunabishana. Kubishana ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na kanuni zote za kwenye boksi zimezaliwa humo. Hakuna aliyekaa akawaza, "jamani tuweke maadili." Kila mstari pale una mtu aliyezingua nyuma yake, na mistari miwili niliyoisababisha mimi naijua.

Ugomvi wa kwanza ulitoka kwenye hesabu. Hili gemu linaibana dunia kwa kipimo cha 1:19. Lami ya Kyaka mpaka Bugene ni km 59.1, ukiibana hivyo unabaki na km 3 na chenji. Barabara ya Omugakorongo–Kigarama–Murongo, km 111 nzima, haifiki 6. Dashibodi inakuhesabia kilomita kamili kukupa mzuka, lakini udongo wenyewe ndio huo mdogo. Sasa kwenye vipande vifupi hivyo utapanga vijiji vingapi? Toleo la kwanza la Fundi ulikuwa unatoka Omurushaka, unafumba jicho, unafumbua uko Nkwenda. Ukifumba tena uko Murongo unaitazama Uganda ng'ambo ya mto. Isingiro haipo. Kaisho haipo. Dogo wa Kaisho alimaindi mpaka akazima simu siku mbili. "Kwa hiyo sisi tunaishi porini?" Mwana wa Kihanga yeye akasema hana noma kijiji chake kikiwa kidogo, ila kwa nini Kihanga ipewe mabanda mawili na Kayanga imwagiwe maghorofa ambayo hata yeye alienda juzi hakuyaona?

Ukicheka unakosea. Hawa ni watu ambao kwao ukifungua ramani yoyote ya maana duniani unakuta nafasi nyeupe na mstari mmoja wa bluu wa Mto Kagera. Leo mapu ya kwao imechorwa na mtu wa kwao, na bado wamerukwa. Inauma kinoma.

Tulivyomaliza ni hivi: kila kijiji cha barabarani kinapata kibao chake na kitu kimoja tu, na kitu hicho wanachagua wenyeji. Usiye wa pale huna kura. Kaisho walibishana wiki nzima kati ya stendi na kibanda cha chipsi. Kikashinda kibanda. Ukipita usiku taa yake ya njano ndiyo ya kwanza kuiona.

Na majina hayaguswi. Mdau mmoja wa mjini aliyetusaidia vibao alitaka tuandike "Murushaka" ili herufi zikae vizuri, ile O ya mbele akaiona ya kishamba. Fundi aligoma kabisa, na mimi nilimpa tano. Yule Muingereza Speke alipotinga kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alilitazama ziwa lililo chini ya ikulu akalipachika jina Little Windermere, la ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba letu lilikuwa limekaa tu linasubiri ubatizo. Watu wa pale walikuwa na jina lao. Hiyo michezo tunaijua tangu kitambo.

Kwa vile nimemtaja Muingereza, kuna kitu nacho ni unyama. Ulaya karibu yote wanaendesha kulia. Kwenye gemu la msingi, kushoto ni Uingereza. Kwa hiyo Fundi akitaka barabara ya Kayanga, anaichukua barabara ya Muingereza, anaipaka vumbi, anapanda migomba. Yaani tumemkopa Muingereza barabara ndani ya gemu kama tulivyomrithi nje ya gemu, maana upande wa kushoto alituachia yeye. Rwanda ilikuwa ya Mbelgiji, wanakwenda kulia. Ukishuka Rusumo dereva wa kweli anahama upande mpakani, na Fundi alikaa siku tisa kwenye makutano yale, magari ya kompyuta yanagongana uso kwa uso kama mbuzi dume. Ukifika pale tukiendesha pamoja kwa msafara, honi moja, mwendo wa kinyonga. Hiyo haikuhitaji kura.

Sasa nikwambie kuhusu wizi, maana hapo ndipo tulipokua.

Kwanza tukiri. Gemu lenyewe tulianza na kopi ya kuchakachua, tuliyorushiwa kwenye flashi. Tulikuwa tunatoa mihadhara ya haki za mchoraji huku tumekalia kiti cha wizi. Kilichotunyoosha hakikuwa dhamiri, dhamiri ilikuwa imelala fofofo. Mwaka 2021 SCS walileta msafara rasmi, watu 8 kwenye barabara moja, na kuingia humo lazima uwe na kopi halali ya Steam. Gemu la wizi halina msafara. Tukachanga. Mtu wa boda alikuwa akiweka buku kila siku kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukishatoa hela yako ya jasho kwa kitu, dadeki, unaanza kuelewa kwa nini mwenye kitu huwa mkali.

Halafu tukaibiwa sisi. Jamaa mmoja, mji simtaji wala jina simtaji, alipewa mapu kiroho safi ili ajaribu. Wiki mbili baadaye tunakuta anaiuza, buku tano kwa kichwa, jina la Fundi limefutwa, lake limewekwa, na maelezo yanasema alichora kwa miezi minane. Miezi minane! Fundi alikuwa na mwaka na nusu na kijicho chekundu cha ushahidi. Wana wakataka kumzamia jamaa kwa matusi ya ukoo mzima. Maneno yalikuwa tayari, mengine ni ya Kinyambo na hayatafsiriki.

Fundi akasema kausheni. Akatuonyesha kitu ambacho alikuwa hajamwambia mtu. Nyuma ya nyumba moja ya Nkwenda, mahali ambapo lori halifiki na huwezi kupaona ila uipeleke kamera juu kabisa, alikuwa amepanda omuramura. Unaujua, ule mmea wa majani marefu mabichi tunaopanda mipakani mwa mashamba. Ameupanda mstari, mstari ukakunja, ukakunja tena. Ukitazama kutoka juu inasomeka herufi ya kwanza ya jina la bi mkubwa wake.

Mwizi alikuwa amefuta jina kila mahali. Mimea hakuikagua.

Kwa watu wa nje: shamba la Karagwe halina ukuta. Lina migomba, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, na mwisho wa lako na mwanzo wa langu ni omuramura. Kuramura kwa lugha yetu ni kuamua, kutenganisha wagombanao. Mmea ndiye hakimu. Unaweza kuiba ndizi za jirani ukasamehewa, watu wakasema njaa. Lakini ukikutwa alfajiri umeng'oa omuramura na kuusogeza hatua mbili, hapo hujaiba ndizi, umeiba wajukuu. Fundi hakusoma sheria popote, ingawa ipo, ya Hakimiliki ya 1999, na COSOTA wapo. Alifanya alichofanya babu yake.

Tulimtumia jamaa picha moja ya kutoka juu, bila tusi, na maneno matano: "Hiyo herufi ni ya nani?" Siku mbili kimya. Ya tatu jina la Fundi likarudi na bei ikafutwa. Samahani haikuja, tuliisubiri kidogo tukaacha. Ndipo kwenye boksi ikaandikwa kanuni ambayo wageni hawaielewi mpaka wasimuliwe: USING'OE OMURAMURA. Unaruhusiwa kuchezea mapu, kuiongeza, kuunganisha na yako, hata kuiponda. Jina la aliyechora linabaki. Ya bure haiuzwi. Baadaye ndio tukajua wakubwa nao wanaumwa ugonjwa huo huo: ProMods, ile timu ya wachezaji wanaoichora Ulaya nzima na kuitoa bure, ni wakali balaa kwa mtu anayechukua faili lao na kulipakia kwake. Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Unajiona siyo mshamba peke yako.

Kuhusu adabu ya kuomba, kesi ilikuwa na Mkenya. Mwana wa Nairobi, anatengeneza nganya, yaani matatu za kwao, zenye michoro mpaka unaogopa kuzipaka vumbi. Akatua na meseji: "Niaje wasee, nitumieni hiyo map leo jioni." Wana walichemka. Huyu nani anatuamrisha? Nitumieni kama nani? Mmoja akamjibu jau. Mkenya wa watu akabaki anashangaa: "Si nimeomba tu? Ama mnataka niandike barua kwa chifu?" Ikabidi mwalimu wa kujitolea aingie kati, aeleze kwamba kwao hiyo ndiyo adabu yenyewe, hana baya, na sisi kwetu mtu asiyesema "naomba" ametutukana hata kama anatabasamu. Tukakubaliana yeye aongeze "naomba", sisi tupunguze kumaindi. Sasa hivi yeye ndiye anayeizidisha. "Naomba kuwasalimu, naomba kuingia, naomba kupita kushoto." Na sisi tumeambukizwa, dereva ni dere, konda ni makanga. Mshua wangu alinisikia nikimwita konda wa Kayanga makanga akauliza kama huyo ni ndege.

Barabarani sasa. Msafara wetu ulikuwa unatoka saa 2 usiku kamili. Mwendo wa mabasi ni 80, kwenye vijiji 50, kama ya kweli. Madogo walilalamika, wanasema gemu la nini kama huwezi kukanyaga mafuta? Hoja ina maana. Lakini tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, kila mmoja wetu ana ndugu yuko barabarani gizani sasa hivi, siti ya dirishani, kalala mdomo wazi. Ukishawaza hilo, mguu unanyanyuka wenyewe. Pia, tuseme ukweli, ukienda 140 kwenye km 3 za Kyaka–Bugene unafika kabla stori haijaanza, na sisi tunaenda kule kupiga stori. Atakayeovateki kwenye kona anarudi nyuma ya msafara na anabeba maharage safari nzima. Kahawa wanabeba wastaarabu. Kahawa ndiyo mzigo wa heshima, unaupeleka Bukoba kwenye kiwanda cha TANICA, unafunguliwa geti.

Na honi hapana Nyakahanga. Hii ilianzishwa na mtu mmoja, hakueleza. Tulikuwa tunapita na honi zetu za kuimba, saba kwa mpigo, akaandika tu: "Hapo hospitali, wanangu." Kwenye mapu hospitali ile ni boksi lenye dirisha la kuchora, hakuna mgonjwa ndani. Baadaye tukajua maza wake alilazwa pale mwezi ule. Alitoka salama. Honi hazijarudi.

Nifike kwenye ile yangu. Nimeizungusha weee.

Kuna mwana anaishi kingo za Mto Kagera kabisa, upande ule wa Kyerwa ambao ng'ambo ni Rwanda. Simu kule haina msimamo. Ukikaa vibaya inakamata mnara wa majirani, na Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Kwa hiyo saa yake inaruka: saa 2 usiku yetu, simu inamwambia saa 1. Bando nalo linakatika kwa sababu ghafla yuko "nje ya nchi" akiwa amekaa kitandani kwao. Akawa anachelewa msafara. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu mtu akaandika, "Huyo wa ng'ambo huyo, aonyeshe kitambulisho." Vicheko vikamiminika. Mtu aliyeandika ni mimi.

Niliona nimepatia. Nikaongeza na kikatuni.

Mwana hakujibu. Lori lake likasimama pembeni, taa za hatari zikawaka, akatoka. Mwalimu akanipigia simu, na mwalimu hapigi simu, ni mtu wa meseji. Akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi 2013. Nikamwambia, nilikuwa msingi. "Kimbunga unakikumbuka?" Nakikumbuka. Septemba 2013, ile operesheni ya wahamiaji haramu, Kagera, Geita, Kigoma. Nakumbuka watu wakisakwa, wakihojiwa babu yako kazikwa wapi, taja jina la mto, taja mwenyekiti wa kitongoji. Nakumbuka dawati moja darasani lilibaki wazi na hatukuuliza. Kilichokuwa hakijaniingia kichwani ni kwamba utani wangu ulikuwa na dawati ndani yake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya matusi ya kibaguzi, na mwalimu alinitajia, lakini mimi hakikuwa kifungu kilichonikosesha usingizi. Ni zile taa za hatari. Watu wa huku wote tuna shangazi upande mmoja na mjomba upande mwingine wa mto. Ukimwambia mwenzio aonyeshe kitambulisho, kesho mwenzako atakuambia wewe.

Nilimtumia ujumbe wa sauti wa kuomba radhi, dakika nne, nikaufuta, nikatuma wa sekunde ishirini. Hakujibu wiki tatu. Kwenye boksi waliandika wenyewe, siyo mimi: KWENYE MAPU HAKUNA WA NG'AMBO. Mimi nilibeba maharage mwezi mzima bila kuambiwa. Wiki ya nne, saa 3 kasoro usiku, msafara uko Isingiro, lori likaingia nyuma yetu bila salamu. Kioo cha mbele kabandika maandishi kama ya mabasi: SAA MOJA NYUMA. Hakuna aliyeandika kitu. Fundi akapunguza mwendo, wote tukapunguza. Msafara sasa unatoka saa 3, kisa "watu wa boda wanachelewa kufunga hesabu".

Magendo yalitugawa vibaya na mpaka leo hayajaisha. Unajua kahawa yetu inavyotamani kuvuka kwenda Uganda. Bei ikiwa tamu upande wa pili, usiku una pikipiki nyingi kuliko mchana. Madogo wakataka Fundi achore njia za panya za Murongo: misheni ya kupitisha magunia, taa umezima, doria inakusaka. Kama gemu, ni bonge la gemu, sibishi. Wengine tukasema hapana. Mshua wa mmoja wetu alishapoteza pikipiki na magunia usiku mmoja, na kabla ya hapo kahawa ile ile ilikuwa imeshauzwa butura, ikiwa maua mtini, kwa sababu ya ada ya shule. Kumgeuza huyo mzee kuwa misheni ya dakika kumi? Dogo mmoja akajibu kitu ambacho sijakipatia jibu: "Sasa mbona mmechora AMCOS, ushirika wenyewe, hamkuchora kwa nini watu wanaikimbia?" Njia hazijachorwa. Ila kuna mahali karibu na Murongo Fundi ameacha upenyo kwenye migomba, upana wa pikipiki, hauendi popote. Ukimuuliza anasema ni hitilafu.

Kwa bibi tulirudi. Safari hii na salamu zetu zote, sukari kilo moja, na laptopu ndani ya begi, imechajiwa mpaka juu. Tulipiga hodi mbali kabisa, kwenye njia. Tukajieleza upya, taratibu: hakuna X, hakuna Wachina, ni mchezo, tunaomba ruhusa ya picha za mlango na ukuta, sura yako hatuchukui, jina hatuandiki. Akasikiliza, akachambua maharage, akauliza kama mchezo unalipa. Tukasema haulipi. Hilo ndilo lilimtoa wasiwasi. Mtu wa barabara angesema unalipa. "Pigeni, waitu," akasema, "lakini mlango nioshe kwanza." Tukasubiri aoshe mlango.

Baada ya wiki mbili tukampelekea nyumba yake. Fundi akaweka laptopu kwenye kigoda, wajukuu wakajaa, lori likashuka taratibu njia ya Kaisho, 50, migomba kushoto, migomba kulia, na hapo kwenye kona mlango wa bluu. Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. Watoto wakapiga kelele. Yeye kimya. Akanyoosha kidole, akagusa kioo.

"Huu omuramura nani kauweka hapa?"

Fundi akasema kaupanda yeye, kwa kukumbuka.

"Umekumbuka ya jirani." Akatoka nje, sisi nyuma yake, akasimama kwenye mpaka wenyewe, mmea umemzidi kimo, akapima kwa miguu mitupu kuanzia kona ya nyumba, akihesabu kwa sauti. Kumi na moja. Akarudi kwenye kigoda. "Huku umenipa tisa. Mwenzangu akiona hiki kitu chako anakwenda nacho kwa mwenyekiti."

Fundi akafungua kile chombo cha kuchorea, akaushika mmea, akausogeza.

"Bado," bibi akasema. "Sogeza tena."